Unahamia Kanada na gari lako? Soma kwanza kibandiko cha mlangoni

Familia inayojiandaa kuhamia Kanada huwa na maswali mengi. Watoto wataingia shule gani? Baridi itavumilika? Vyeti vya hapa vitatambuliwa kule? Swali la gari huja mwisho, na mara nyingi huja likiwa limechelewa, wakati tikiti zimekwisha kununuliwa na vyombo vya nyumba vimefungwa ndani ya maboksi. Hapo ndipo baba au mama hutazama nje, akaliona gari alilolilipia kwa jasho miaka kadhaa, na kuuliza: je, hili nalo tutakwenda nalo?

Jibu, msomaji mpendwa, halitegemei uzuri wa gari wala mapenzi uliyo nayo kwalo. Latengemaa au laharibika kwa kitu kidogo sana: kibandiko kilichobandikwa na kiwanda kando ya mlango wa dereva. Kibandiko hicho husema gari liliundwa mwezi gani, mwaka gani, na kwa kufuata kanuni za usalama za nchi gani. Huko mpakani, hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha gari lako.

Gari lililo Nairobi

Tuanze na gari lililoegeshwa hapa kwetu, maana jibu lake ni fupi. Liuze.

Sheria ya Kanada yasema kwamba gari ambalo halijatimiza miaka 15 tangu kuundwa haliwezi kuingizwa na mhamiaji aliyekuja kukaa, ila liwe liliundwa kwa kanuni za Kanada zenyewe. Magari yaliyouzwa Marekani yamefunguliwa mlango wa pembeni, nasi tutaufikia. Lakini magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, yakatumiwa huko, kisha yakapakiwa melini hadi Mombasa. Kibandiko chake hakiitaji Kanada hata kidogo. Gari kama hilo likifika katika bandari ya Kanada, huna la kujitetea: litarudishwa lilikotoka au liharibiwe, na gharama ni zako.

Tazama basi jinsi dunia ilivyo na vituko. Hapa Kenya, gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia, kwa kuwa laonekana kuukuu mno. Kule Kanada, gari la Japani lililo chini ya miaka 15 hukataliwa, bali likishatimiza miaka hiyo hufunguliwa lango! Sababu ni kwamba gari kuukuu huhesabiwa kuwa la wapenzi wa magari ya zamani, ambao ni wachache, nalo huachwa nje ya sheria hiyo ya usalama. Ndiyo maana katika miji ya Kanada utaona mara moja moja gari la usukani wa kulia likipita, na mwenyewe amevimba kwa fahari. Hata hivyo, majimbo mengine yana masharti yao zaidi kuhusu usukani wa kulia, na kuliendesha gari hilo mahali ambapo kila mtu hupita upande wa kulia wa barabara si jambo la kumpa mgeni aliyefika juzi.

Kuna pia habari ya udongo. Gari lililotumika likitoka nchi nyingine isipokuwa Marekani, sharti liwe safi kabisa: lisiwe na udongo, mchanga, majani wala kinyesi cha mifugo, si kwenye tairi, si chini ya bodi, si ndani ya boneti. Wakanada wanaogopa wadudu na magonjwa ya mimea yanayosafiri ndani ya udongo. Wewe uliyeendesha gari miaka mitano katika murramu ya Kiambu au Kakamega wajua vyema jinsi ule udongo mwekundu unavyojificha. Gharama ya meli, gharama ya kuosha, na mwishowe kibandiko kukukataa: kwa nini ujitese? Liuze hapa, fedha zake zikakununulie koti na gari la huko.

Gari lililo Marekani

Lakini wako Wakenya wengi ambao safari yao ya kwenda Kanada haianzii Jomo Kenyatta. Huanzia Marekani, walikokwenda kusoma au kufanya kazi, na sasa wamepata ukaazi wa kudumu upande wa pili wa mpaka. Huenda ni ndugu yako, au mwanao aliye chuoni, au huenda mwaka kesho ni wewe. Hawa wanaweza kwenda na gari, na wengi wafaa kwenda nalo. Ili tusizungumze hewani, hebu tuifuate njia moja pamoja: kutoka Minneapolis katika jimbo la Minnesota, mji wenye jamaa wengi wa Afrika Mashariki, hadi Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba.

Ni safari ya kilomita 730 hivi, yaani Nairobi hadi Mombasa, kisha urudi nusu ya njia. Lakini safari yenyewe huanzia mezani, wiki kadhaa kabla ya kuwasha injini.

Kwanza, fungua mlango wa dereva usome kile kibandiko. Kikisema gari latimiza kanuni za usalama za Marekani, umeanza vizuri. Pili, tafuta katika intaneti orodha ya magari ya Marekani yanayokubaliwa Kanada, ambayo hutolewa na wizara ya uchukuzi ya nchi hiyo. Imepangwa kwa jina la mtengenezaji, aina na mwaka. Magari mengi ya familia hukubaliwa, lakini si yote, na mawili yanayofanana kama pacha yaweza kutofautiana kwa mwaka mmoja tu, moja likapita na jingine likazuiwa.

Tatu, omba barua kutoka kwa mtengenezaji au wakala wake, inayothibitisha kwamba gari halina hitilafu ya kiwandani iliyotangazwa na ambayo haijarekebishwa. Watengenezaji huyaita magari yao mara kwa mara ili wabadilishe mfuko wa hewa, breki au nyaya. Wenye magari wengi hupuuza ile barua ya mwito. Kanada haipuuzi. Marekebisho hayo hufanywa bure, basi yafanye ungali Minneapolis, ambako fundi wa kampuni anakufahamu.

Nne, hati ya umiliki, ile ambayo sisi twaizoea kwa jina la logbuku. Itakiwayo ni hati yenyewe, si nakala. Ikiwa bado walipa mkopo, benki ndiyo iliyoishikilia, na itabidi ikupe barua ya kukubali gari litoke nchini. Hilo lachukua siku. Na ikiwa gari si lako, bali umelikodi kwa mkataba wa miaka mitatu, basi usidhani ni mali yako kwa sababu watoto wamechora dirishani: forodha ya Kanada hailihesabu kuwa mali ya mhamiaji.

Saa 72 za Pembina

Kutoka Minneapolis barabara huelekea kaskazini-magharibi, ikapita mashamba na maziwa madogo madogo mpaka Fargo, katika jimbo la North Dakota. Hapo unageuka kaskazini moja kwa moja. Usitarajie vilima. Maelfu ya miaka iliyopita, nchi hii yote ilikuwa chini ya ziwa kubwa lililotokana na barafu iliyoyeyuka, ambalo wataalamu huliita Agassiz. Ziwa likakauka, likaacha udongo mweusi na ardhi iliyonyooka kama meza. Ngano, alizeti, maharagwe ya soya na viazisukari hukua hapa hadi jicho linapochoka. Pembeni yako, mara waonekana mara haupo, ni Mto Red, ambao kama Nile huteremka kuelekea kaskazini.

Saa mbili na nusu baada ya Fargo wafika Pembina, mji mdogo wa mwisho wa Marekani. Mbele yako ni mpaka wa nyuzi 49 za kaskazini, uliokubaliwa na Uingereza na Marekani mwaka 1818. Hapa ndipo wahamiaji wengi hukwama, na kisa chake hakitoki Kanada. Hutoka Marekani.

Wewe uliyewahi kuvuka Namanga au Malaba umezoea kwamba nchi unayoitoka nayo ina haki ya kukuuliza unakwenda na nini. Katika mpaka huu, dereva wa kawaida anayetoka Marekani hasimamishwi na mtu. Hupita tu akajikuta mbele ya afisa wa Kanada. Basi mgeni hudhani Marekani haina habari naye. Kumbe gari lililotumika linapotoka nchini kwa kuhamishwa, sharti litangazwe kwa forodha ya Marekani kwa njia ya kompyuta, na hati zake ziwasilishwe saa 72 kabla ya kuvuka. Siku ya safari wewe mwenyewe hugeuka pembeni, ukaingia katika ofisi yao, ukaonyesha gari pamoja na hati, ikagongwa muhuri. Sharti hili lipo ili kuzuia magari ya wizi yasivushwe.

Saa 72 ni siku tatu kamili. Familia isiyojua habari hii hufika Pembina Jumamosi jioni, gari limejaa magodoro na watoto wana usingizi. Ikirudi nyuma, itatafuta hoteli kwa siku tatu. Ikivuka bila muhuri, yajiweka katika hatari ya faini, na hati yake ya umiliki yabaki na dosari itakayouliziwa baadaye. Tena ofisi hiyo ya magari yanayotoka ina saa zake za kazi, hata kama mpaka wenyewe uko wazi usiku na mchana. Piga simu kabla. Kuuliza si ujinga.

Upande wa Emerson

Ng'ambo ya mstari ni Emerson, Manitoba. Maafisa wa uhamiaji watatazama kwanza hati zako za ukaazi wa kudumu. Kisha huja forodha, nayo itataka orodha ya mali yako yote: iliyo ndani ya gari, na ile itakayofuata baadaye. Iandike nyumbani kwa utulivu, nakala mbili, pamoja na bei ya kila kitu. Gari liandike na nambari yake ya chasisi. Na ikiwa umebeba fedha zinazozidi dola 10,000 za Kanada, zitaje. Si kosa kuwa nazo, kosa ni kuzificha.

Habari njema ni hii. Mhamiaji anayeingia kukaa hulipiwa heshima kubwa: mali aliyokuwa akiimiliki, iliyokuwa mikononi mwake na aliyoitumia kabla ya kuwasili huingia bila ushuru, gari likiwamo. Yashike maneno hayo matatu: kuimiliki, kuwa nayo, kuitumia. Gari lililonunuliwa na kuachwa kwa muuzaji hadi siku ya safari halijatumika. Na usiliuze kabla ya miezi 12 kwisha, la sivyo utadaiwa ule ushuru uliosamehewa.

Mwanafunzi ana njia yake. Anayeingia na kibali cha masomo aweza kuingiza gari kwa muda tu, kwa kipindi cha masomo yake, bila kulazimika kulibadili lifuate kanuni za Kanada. Mfanyakazi mwenye kibali cha muda naye aweza, mradi muda huo usizidi miezi 36. Lakini gari la aina hiyo ni mgeni kama mwenyewe: haliuzwi wala haligawiwi nchini humo. Muda ukiisha, litoke. Mwanafunzi anayetumai kubaki baada ya masomo na alifikirie hilo mapema.

Kabla hujaondoka Emerson, utapewa fomu ya kuingiza gari, nalo litaandikishwa kwa msajili wa magari ya kigeni, shirika ambalo Kanada iliunda mwaka 1995 kwa kazi hii. Kuna ada. Tangu siku hiyo, siku 45 zaanza kuhesabiwa. Ndani ya siku hizo gari lifanyiwe marekebisho na likaguliwe katika gereji iliyoidhinishwa.

Marekebisho gani? Kanada hutaka taa za mbele ziwake zenyewe hata mchana wa jua kali, sharti lililoanza kwa magari yaliyoundwa kuanzia Desemba 1989. Magari yaliyoundwa kuanzia Septemba 2007 lazima yawe na kifaa cha umeme kinachozuia injini isiwake pasipo ufunguo wake halisi. Kile kiti cha mtoto kiwe na mahali pa kufungia mkanda wake wa juu. Mwendo uonekane kwa kilomita. Mambo haya huwa tayari katika magari mengi ya miaka ya karibuni, au yahitaji kazi ndogo tu. Lakini kile kifaa cha kuzuia injini, kama gari liliundwa bila hicho, chaweza kuwa ghali. Na aina nyingine za magari hazikubaliwi hata kikiongezwa baadaye. Ndiyo sababu twasisitiza ile orodha isomwe kabla ya safari. Ukishapita ukaguzi, hupewa kibandiko kipya cha Kanada, kikakaa karibu na kile cha zamani. Gari limepata uraia kabla yako!

Njia ya kwenda Winnipeg

Zimebaki kilomita zaidi ya 100. Angalia mabango: sasa ni kilomita. Kanada iliacha maili barabarani mwaka 1977, nasi Wakenya twaona raha kurudi katika hesabu yetu. Lakini sindano ya gari lako bado hupenda maili. Ukiona bango la 100, usikanyage hadi 100 za maili, maana hizo ni kilomita 160 na polisi hawatasikiliza hadithi.

Barabara namba 75 hupita vijiji vya Wafaransa wa kale, kama Saint Jean Baptiste, na mji wa Morris uliozungukwa na ukuta wa udongo. Ukuta huo ni wa mafuriko. Majira ya kuchipua, theluji ya kusini huyeyuka kwanza, maji yakakimbilia kaskazini ambako mto bado ni barafu. Yakikosa njia, hupanda mashambani. Mwaka 1997 bonde hili lote liligeuka ziwa tena, na Winnipeg ikaokolewa na mfereji mkubwa wa kilomita 47 uliochimbwa kati ya 1962 na 1968. Miaka mingine barabara hii hufungwa Aprili au Mei. Anayehama miezi hiyo na atazame habari za mto kabla ya kuweka tarehe.

Winnipeg ukiifikia, utaona nyaya fupi za umeme zimening'inia mbele ya magari, kama ndimi. Usicheke. Usiku wa Januari, baridi yaweza kushuka nyuzi 30 chini ya sufuri, na mafuta ya injini hugeuka uji mzito. Basi jioni gari huchomekwa kwenye umeme kama pasi, kifaa kilicho ndani kikaipasha injini joto, na asubuhi ikawaka. Gari lililotoka Minneapolis huenda lina kifaa hicho. La Texas au Georgia halinacho. Ongeza gharama hiyo katika hesabu, pamoja na betri nzuri na tairi za theluji. Manitoba haizilazimishi tairi hizo, lakini barafu haiulizi sheria.

Hatimaye, jimbo nalo lina zamu yake. Manitoba itataka ukaguzi wake wa usalama, kisha usajili na bima, ambavyo hutolewa pamoja na shirika la bima la serikali ya jimbo. Fika na barua ya kampuni yako ya zamani ya bima ikieleza miaka uliyoendesha bila ajali. Leseni ya kigeni hutumika muda mfupi tu kabla ya kutakiwa kuibadili, na mwenye leseni ya Kenya pekee ajiandae kufanya mtihani.

Sasa chukua kalamu. Upande mmoja andika ada ya msajili, marekebisho, ukaguzi wa aina mbili, kifaa cha joto na tairi. Upande wa pili andika bei utakayopata ukiliuza gari Marekani, na bei ya kununua jingine kama hilo Winnipeg, pamoja na kodi. Gari lililo katika orodha, lisilo na deni, unalolijua tabia yake, mara nyingi litakufaa zaidi kuliko la muuzaji usiyemjua. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini gari lenye deni, lenye hitilafu zisizorekebishwa, au ambalo hati yake yasema liliwahi kuharibika lisitengenezeke, hilo muage palepale.

Na kama una ndugu huko Marekani anayepanga kuhama, mkatie ukurasa huu, au umsomee kwa simu leo jioni. Mwambie aanze na mlango wa dereva. Siku ya safari, watoto wakiwa wamelala kiti cha nyuma na mpaka ukiwa mbele, atakuwa na muhuri mkononi.